Kiapo cha Cleveland

SIMULIZI YA KWELI

SEHEMU YA KWANZA

Usiku wa Alhamisi, Agosti 6, 2015, wanaume kumi walipanda jukwaani ndani ya Quicken Loans Arena, ukumbi wa mpira wa kikapu mjini Cleveland, Ohio. Walipangwa kwa nguvu zao katika tafiti za maoni, aliyetangulia akawekwa katikati. Huyo hakuwa gavana wala seneta, na hakuwahi kushika hata udiwani. Alikuwa mfanyabiashara wa majengo kutoka New York na mtangazaji wa kipindi cha televisheni, Donald Trump. Kando yake alisimama Jeb Bush, gavana wa zamani wa Florida, mtoto wa rais mmoja na mdogo wa rais mwingine.

Mwendesha mdahalo, Bret Baier wa Fox News, hakuanza na uchumi wala vita. Swali lake la kwanza halikuhitaji hata kufungua mdomo. Aliwataka watia nia wote kumi wasikilize, kisha anyooshe mkono yule ambaye hayuko tayari kuahidi, usiku ule ule, kwamba atamuunga mkono mgombea yeyote atakayepitishwa na Chama cha Republican na kwamba hatagombea kama mgombea binafsi.

Mikono tisa ilibaki chini. Mmoja ukapanda.

Ukumbi ukazomea. Baier akamkumbusha Trump mahali aliposimama: humo humo ndimo chama kitakamomkabidhi bendera mgombea wake mwaka unaofuata. Je, anajua anachokisema? Trump akajibu kwamba anajua vizuri. Akipitishwa yeye, ataahidi. Asipopitishwa, hawezi kuahidi. Rand Paul, seneta wa Kentucky, akadakia kwa hasira kwamba mtu huyu anaweka akiba yake kwa akina Clinton. Watu milioni 24 walikuwa wanatazama majumbani.

Ili msomaji aelewe kwa nini mkono mmoja uliwanyima usingizi vigogo wa chama kizima, turudi nyuma hadi mwaka 1992. Mwaka huo George Bush mkubwa alikuwa rais, akitafuta muhula wa pili. Tajiri wa Texas, Ross Perot, akajitosa kama mgombea binafsi, akazoa karibu asilimia 19 ya kura zote. Bill Clinton akaingia Ikulu. Wazee wa Republican hawakuisahau siku hiyo, na wengi wao hadi leo wanaamini kwamba Perot ndiye aliyewapokonya nchi. Sasa walimwona Perot mwingine, mwenye fedha zaidi na jina kubwa zaidi, akiwaambia waziwazi kwamba anaweza kufanya vilevile.

Mzigo huo uliangukia mabega ya Reince Priebus, wakili kijana kutoka Kenosha, Wisconsin, aliyekuwa mwenyekiti wa taifa wa chama. Lakini mwenyekiti wa chama nchini Marekani si mwenyekiti tunayemfahamu sisi. Hana Kamati Kuu ya kukata majina. Hana kikao cha maadili cha kumwita mtia nia usiku na kumweleza kwamba jina lake halirudi. Mtu akijaza fomu na kutimiza masharti ya jimbo, jina lake linaingia kwenye karatasi ya kura, na wananchi wa kawaida ndio wanaochuja. Mwaka ule watia nia walifika 17, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia hata mmoja wao akae pembeni.

Priebus alikuwa na sababu nyingine ya kuumia. Baada ya Mitt Romney kushindwa na Barack Obama mwaka 2012, chama kilijichunguza na Machi 2013 kikatoa ripoti ndefu iliyosema ukweli mchungu: wapiga kura wenye asili ya Amerika ya Kusini wanatukimbia, tubadilishe lugha, tuunge mkono marekebisho ya sheria za uhamiaji. Wafadhili wakaikubali. Magavana wengi wakaikubali. Kisha Juni 16, 2015, Trump akateremka kwa ngazi ya umeme ndani ya jengo lake la Trump Tower, akatangaza nia, na katika hotuba hiyo hiyo akasema Mexico inawaletea Wamarekani wauza dawa za kulevya, wahalifu na wabakaji. Ripoti ya miaka miwili ikafa kwa hotuba moja.

Mwezi mmoja baadaye, huko Ames, Iowa, akamgusa mtu ambaye haguswi. Akasema John McCain si shujaa kweli, kwa kuwa alitekwa, na yeye anawapenda wasiotekwa. McCain alikaa zaidi ya miaka mitano kifungoni Vietnam akiteswa, na alikuwa mgombea wa chama hicho hicho mwaka 2008. Vigogo wakapumua. Wakaambiana kwamba safari yake imeishia hapo, hakuna Republican atakayempigia kura mtu anayetukana mfungwa wa vita.

Tafiti za maoni zilizofuata zikamwonyesha bado anaongoza.

Hapa ndipo ninapowalaumu wazee wale, na nitalirudia hili kila sehemu ya simulizi hii. Waliangalia ulimi wa mtu huyu, hawakuangalia masikio ya waliokuwa wakimsikiliza. Katika miji ya viwanda ya Ohio, Michigan na Pennsylvania, chama kilikuwa kimehubiri biashara huria kwa miaka mingi huku milango ya viwanda ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Chama kilikuwa kimepeleka vijana Iraq. Viongozi wake walikuwa wakizungumzia kupunguza matumizi ya pensheni na bima ya afya ya wazee, na wapiga kura wao wenyewe walikuwa wazee wanaoishi kwa pensheni hiyo. Trump alisimama akasema hatagusa pensheni, ataivunja mikataba ya biashara, na vita vya Iraq vilikuwa kosa. Mtu aliyekaa miaka 20 akisubiri kuambiwa maneno hayo hawezi kumwacha msemaji kwa sababu tu amemtukana seneta.

Priebus akachagua njia ya karatasi. Makao makuu yakaandaa hati ya utii ya ukurasa mmoja: mimi fulani naahidi kumuunga mkono mgombea wa Republican, awe nani, na sitagombea kama mgombea binafsi wala kwa chama kingine. Watia nia wote wakapelekewa. Wakati huo chama katika jimbo la South Carolina nacho kilidai ahadi kama hiyo kabla ya kuweka jina la mtu kwenye kura, kwa hiyo Trump alibanwa kila upande.

Septemba 3, Priebus akaenda mwenyewe New York kukutana naye ndani ya Trump Tower. Mchana huo Trump akashuka hadi ukumbi wa chini, akainua karatasi juu mbele ya kamera ili kila mtu auone mwandiko wake mnene. Amesaini.

Makao makuu yakashusha pumzi. Tumemfunga.

Lakini karatasi ile ilikuwa na maneno yale yale kwa wote. Iliandikwa kumzuia mtu mmoja asitoke, na iliwabana wengine 16 wamkubali endapo atashinda. Nani angekuwa wa kwanza kuuhisi ubano huo?

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Baada ya kunyoosha mkono Cleveland, Trump amesaini hati ya utii. Vigogo wa Republican wanaamini wamemdhibiti. SASA ENDELEA…

Februari 13, 2016. Greenville, South Carolina. Siku hiyo taifa lilipokea habari kwamba Jaji Antonin Scalia, nguzo ya wahafidhina katika Mahakama ya Juu, amefariki dunia. Mdahalo wa jioni ulianza kwa dakika ya ukimya. Kila Republican ndani ya ukumbi alijua maana ya kifo kile: kiti kimoja cha mahakama, labda na mwelekeo wa nchi kwa miaka 30, vilikuwa mikononi mwa rais ajaye. Msomaji ashike jambo hili, kwa sababu kiti cha Scalia kitawanyamazisha watu wengi kabla simulizi haijaisha.

Kufikia usiku huo, Iowa ilikuwa imempa ushindi Ted Cruz, seneta wa Texas, na New Hampshire imempa Trump. Sasa ilikuwa zamu ya South Carolina, jimbo la wanajeshi wastaafu na makanisa, jimbo lililomwokoa baba yake Jeb Bush na kumwokoa kaka yake. Akina Bush walilihesabu kuwa kwao.

Trump akalifuata jambo ambalo hakuna mgombea wa Republican aliyekuwa na nafasi ya kushinda aliyewahi kulisema hivyo jukwaani. Akasema vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa, na kwamba waliovianzisha walidanganya kuhusu silaha za maangamizi. Jeb akajibu kwa uchungu: wakati Trump anajenga kipindi cha televisheni, kaka yangu alikuwa anajenga ulinzi wa nchi hii. Trump hakurudi nyuma. Akamkumbusha kwamba majengo pacha ya New York yalianguka kaka yake akiwa rais. Ukumbi ukamzomea mara kadhaa. Waliokuwa wakitazama kwenye televisheni wakaona kama amejimaliza mwenyewe.

Siku mbili baadaye George W. Bush, aliyekuwa amejitenga na siasa tangu aondoke Ikulu, akapanda jukwaani North Charleston kumpigia debe mdogo wake. Gavana wa jimbo, Nikki Haley, akamuunga mkono Marco Rubio wa Florida. Kila kigogo alikuwa na mtu wake, na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Kamati ya kampeni iliyomuunga mkono Jeb ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100. Fedha hizo zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ya matangazo yake ya mashambulizi yalimlenga Rubio, si Trump. Hesabu yao ilikuwa kwamba Trump ataanguka mwenyewe, kwa hiyo kazi ni kuwaondoa wengine ili ubaki wewe siku atakapoanguka. Cruz alifikiri hivyo hivyo. Kwa miezi kadhaa alimsifu Trump hadharani, akitumaini kurithi wafuasi wake. Rubio naye alisubiri. Kila mmoja alitaka Trump azuiwe, na kila mmoja alitaka gharama ya kumzuia ilipwe na mwenzake. Huo ni woga, na ni tamaa, na sioni jina jingine la kuupa.

Februari 20 kura zikahesabiwa. Trump, asilimia 32.5. Rubio, 22.5. Cruz, 22.3. Jeb hakufika asilimia 8. Wapiga kura wawili katika kila watatu walimkataa Trump, lakini kura zao waligawana watu watano. Na kwa kanuni za jimbo, wajumbe wote 50 wakaenda kwa mmoja. Usiku ule huko Columbia, Jeb Bush akasitisha kampeni, machozi yakimlengalenga.

Kanuni za kumpa mshindi wajumbe wote hazikushuka kutoka mbinguni. Baada ya 2012, makao makuu yenyewe yalifupisha ratiba ya mchujo na kuruhusu majimbo yanayopiga kura kuanzia katikati ya Machi kumpa mshindi wajumbe wote, ili mgombea apatikane mapema na chama kisichakae kwa mvutano mrefu. Walimtengenezea njia Romney mwingine. Aliyepita juu yake akawa Trump.

Sasa ukuta ukaanza kupasuka. Februari 26, Chris Christie, gavana wa New Jersey ambaye wiki chache kabla alikuwa mshindani, akajitokeza huko Fort Worth, Texas, kumuunga mkono Trump. Siku mbili baadaye Jeff Sessions wa Alabama akawa seneta wa kwanza kufanya hivyo. Machi 1, siku ya kura nyingi, Trump akanyakua majimbo saba kati ya 11.

Ndipo mzee mmoja akaamua kupiga kengele.

Machi 3, Mitt Romney alisimama katika Chuo Kikuu cha Utah mjini Salt Lake City. Huyu ndiye aliyekuwa bendera ya chama miaka minne tu iliyopita. Hakumumunya maneno. Alimwita Trump tapeli. Alitaja biashara moja moja zilizokufa: shirika la ndege, chuo, nyama, vodka. Akasema ahadi za mtu huyu zina thamani sawa na shahada ya hicho chuo chake. Kisha akatoa mkakati: wapiga kura wa Florida wampe Rubio, wa Ohio wampe gavana wao John Kasich, na kwingine apigiwe yeyote mwenye nafasi ya kumshinda Trump, ili asifikishe wajumbe 1,237 wanaohitajika.

Trump alimjibu siku hiyo hiyo akiwa Portland, Maine. Akawakumbusha watu kwamba mwaka 2012 Romney huyo huyo alimfuata kuomba aungwe mkono. Na kweli, picha zilikuwepo: Romney na Trump bega kwa bega ndani ya hoteli ya Trump huko Las Vegas, Romney akishukuru.

Saa chache baadaye, usiku huo, wagombea wanne waliobaki walikutana kwa mdahalo Detroit. Rubio na Cruz walimshambulia Trump kama hawajawahi kumshambulia. Walimwita mlaghai, walimsomea kesi zake, walimkatiza kila alipofungua mdomo. Hatimaye muda ukakaribia kuisha. Bret Baier, yule yule wa Cleveland, akarudi na swali lile lile, safari hii limepinduliwa. Mmesema mtu huyu hafai. Mlisaini hati. Akipitishwa, mtamuunga mkono, ndiyo au hapana?

Akaanza na Rubio. Romney alikuwa amewasha moto asubuhi. Neno moja tu, hapana, lingetosha kukigawa chama vipande viwili mbele ya taifa.

Rubio akavuta pumzi…

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Romney amemwita Trump tapeli. Usiku huo huo, Detroit, wapinzani wa Trump wanaulizwa kama watamuunga mkono akipitishwa. SASA ENDELEA…

Rubio akasema ndiyo. Akasema akipitishwa Donald, atamuunga mkono, kwa kuwa upande wa pili ni mbaya zaidi. Cruz akasema ndiyo, na akatoa sababu: aliahidi, na yeye hutimiza ahadi. Kasich akasema kuna wakati mtu huyu anaifanya kazi hiyo kuwa ngumu, lakini naye akakubali.

Dakika mbili zikazima hotuba ya Romney. Mpiga kura aliyekaa sebuleni kwake angeelewa nini? Mtu hawezi kuwa tapeli hatari kwa taifa saa tatu usiku, na saa tano usiku akawa anastahili kukabidhiwa majeshi. Kwangu mimi, chama kile kilimkabidhi Trump bendera usiku wa Detroit. Yaliyofuata yalikuwa makaratasi.

Machi 15, Rubio akapigwa nyumbani kwake Florida, Trump akachukua wajumbe wote 99, Rubio akaaga. Kasich akashinda Ohio, jimbo lake pekee. Machi hiyo Trump akasambaza mtandaoni picha iliyomdhihaki Heidi, mke wa Cruz, kwa sura yake. Mwisho wa mwezi, Milwaukee, Trump akaulizwa kuhusu hati aliyoisaini. Akasema haimfungi tena. Cruz na Kasich nao wakakataa kuirudia ahadi yao. Karatasi ya Priebus haikuwa na mwenyewe.

Mei 3 ikawa zamu ya Indiana. Asubuhi ya kupiga kura, Trump alinukuu gazeti la udaku kumhusisha baba yake Cruz, mchungaji aliyekimbia Cuba ujana wake, na muuaji wa Rais Kennedy. Cruz alilipuka mbele ya kamera, akamwita mwongo kupindukia. Usiku huo akashindwa, akajitoa. Kabla watu hawajalala, Priebus akaandika mtandaoni kwamba Trump ndiye mgombea mtarajiwa na wote sasa waungane.

Wote? Siku mbili baadaye Paul Ryan, Spika wa Baraza la Wawakilishi na kiongozi wa juu kabisa wa Republican aliyekuwa na cheo cha kuchaguliwa, akasema kwenye televisheni kwamba hayuko tayari bado.

Nataka tukae kidogo na Ryan. Yeye anatoka Janesville, Wisconsin. Mji huo uliishi kwa kiwanda cha magari cha General Motors kwa vizazi kadhaa: babu, baba, mtoto, wote lango moja. Desemba 2008, siku mbili kabla ya Krismasi, gari la mwisho likatoka kwenye mstari na wafanyakazi wakakabidhi vitambulisho. Ryan alikuwa mbunge wao. Aliwajua kwa majina. Lakini siasa zake ziliendelea kuwa zile zile: biashara huria, kodi ndogo, kurekebisha mifuko ya wazee. Alikuwa mtu wa nidhamu na wa heshima, aliyeamini vitabu vyake. Ila kama kulikuwa na kigogo mmoja aliyeweza kulisikia jambo ambalo Trump alilisikia, ni yeye aliyelelewa umbali mfupi kutoka lango lile.

Alivumilia wiki nne. Mei 12 alikutana na Trump Washington, Priebus akiwa katikati yao kama mshenga. Kisha Juni 2, katika gazeti la nyumbani kwao, Janesville Gazette, akaandika kwamba atampigia kura. Trump akamshambulia jaji kwa sababu ya asili yake ya Mexico, na siku tano tu baada ya makala hayo Ryan akalazimika kusema hadharani kwamba maneno ya Trump ni ubaguzi wa rangi usio na shaka. Akaendelea kumuunga mkono.

Julai ikafika, na kambi ya wabishi ikabaki na mlango mmoja: kanuni za mkutano mkuu. Kama wajumbe 2,472 wangefunguliwa wapige kura kwa dhamiri zao, badala ya kufungwa na matokeo ya majimbo, Trump angeweza kuenguliwa ndani ya ukumbi. Alhamisi, Julai 14, kamati ya kanuni yenye wajumbe 112 ikaketi Cleveland. Wabishi, wakiongozwa na mjumbe kutoka Colorado, walihitaji sahihi 28 tu ili hoja yao ifike mbele ya mkutano wote. Asubuhi kikao kikaahirishwa kwa saa kadhaa. Waandishi wakaelezwa kwamba printa imekwama. Nyuma ya pazia watu wa makao makuu na wa Trump walikuwa wakizungumza na wajumbe mmoja mmoja. Kikao kiliporudi na kusogea usiku, hoja za wabishi zikaangushwa moja baada ya nyingine. Sahihi 28 hazikupatikana.

Bado hawakukubali. Jumatatu, Julai 18, mkutano mkuu ukafunguliwa ndani ya Quicken Loans Arena. Viti vya wengi vilikuwa wazi. Marais wawili wa ukoo wa Bush hawakuja. Romney hakuja. McCain hakuja. Kasich, gavana wa jimbo lenyewe, alikuwa mjini lakini hakutia mguu ukumbini. Kati ya waliowahi kupeperusha bendera ya chama, alifika mmoja tu, mzee Bob Dole.

Mchana huo mwakilishi wa Arkansas, Steve Womack, alikalia meza kuu. Wabishi walikuwa wamewasilisha sahihi za wajumbe wa majimbo kadhaa wakidai kanuni za mkutano zipigiwe kura ya kuitwa jimbo kwa jimbo. Kanuni ilitaka majimbo saba. Womack akaita wanaoafiki, ukumbi ukaunguruma. Akaita wasioafiki, ukaunguruma vilevile. Akatangaza wanaoafiki wameshinda, akaondoka jukwaani. Maikrofoni za chini zikazimwa. Watu wazima wenye suti na beji shingoni wakapiga kelele hadi sauti zikakauka, upande mmoja ukidai kura, upande mwingine ukiimba jina la Trump kuwazima. Ken Cuccinelli, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa Virginia, akakitupa kitambulisho chake sakafuni.

Baada ya dakika kadhaa Womack akarudi. Akasema yaliyowasilisha madai ni majimbo tisa, lakini katika majimbo matatu baadhi ya wajumbe wameondoa sahihi zao. Yamebaki sita. Wajumbe wa Colorado wakainuka wakatoka nje.

Kesho yake Trump akapitishwa kwa kura 1,725. Aliyetangaza matokeo hayo, akiwa mwenyekiti wa mkutano, alikuwa Paul Ryan.

Alibaki mtu mmoja. Ted Cruz alikuwa amepewa nafasi ya kuhutubia usiku wa Jumatano, Julai 20, saa ambazo taifa lote linatazama. Hakuna aliyejua kwa hakika atasema nini. Mchana wa siku hiyo alikutana na wafuasi wake kwenye mkahawa wa kando ya maji. Alikuwa ndiyo kwanza anawaambia kwamba chama sasa kina mgombea, wakasikia ngurumo angani. Ilikuwa ndege ya Trump ikiingia mjini, jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, ikipita juu ya vichwa vyao. Watu wakaizomea.

Usiku Cruz akapanda jukwaani. Akashangiliwa kwa muda mrefu. Akampongeza Trump kwa kupitishwa, mara moja, kwa jina. Hiyo ilikuwa pongezi tu, na ukumbi ulijua. Akasimulia kuhusu binti mdogo wa askari polisi aliyeuawa Dallas mwezi ule ule. Akazungumzia uhuru na katiba. Kurasa zikaisha moja baada ya nyingine, na wajumbe wa New York waliokaa mbele kabisa hawakuwa na haja ya kitu kingine zaidi ya sentensi moja: namuunga mkono Donald Trump. Mkewe Heidi alikuwa chini, katikati ya umati huo. Trump mwenyewe alikuwa njiani kuingia ukumbini.

Cruz akawageukia waliokuwa wakitazama majumbani. Akawasihi wasikae nyumbani Novemba. Akainua uso, akaanza kuwaeleza wampigie kura nani…

Je, Cruz aliyesema Detroit kwamba yeye hutimiza ahadi alilitamka jina la mtu aliyemdhihaki mkewe na kumkashifu baba yake? Kwa nini Heidi alilazimika kutolewa ukumbini akisindikizwa? Na ni mkanda gani wa zamani uliovuja Oktoba 7, ukamlazimu Ryan kumwondoa Trump kwenye orodha ya wageni wake huko Wisconsin? Usikose Sehemu ya Nne, wikiendi ijayo.